Kishikwambi kinachoongea, boksi la sabuni na wanafunzi watatu wa Kidato cha Pili

#1 Mwalimu_wa_Kata

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, sekondari ya kata, mikoa ya kati huku kwenye vumbi na upepo. Sijasomea elimu maalumu. Chuoni somo la wanafunzi wenye mahitaji maalumu tulilipitia muhula mmoja, tukajibu mtihani, tukasahau. Naandika kwa sababu mwaka jana nilitafuta humu mtu aliyekwisha kuyapitia haya, nikakuta mada chungu nzima za "umuhimu wa TEHAMA katika elimu" na hakuna hata moja inayosema bonyeza hapa. Kwa hiyo uzi wangu ni wa bonyeza hapa. Wataalamu mtanisahihisha.

Kidato cha Pili nina wanafunzi 70 na ushee. Watatu nilikuwa nawaita majina kwenye mahudhurio, basi, kuwafundisha sikuwa nawafundisha. Wa kwanza ni kijana asiyeona kabisa. Alikuja kwetu na sleti yake na stailasi (kibao na kijiti cha kutobolea), anaandika nukta nundu, maandishi ya wasioona, vizuri tu, ila shule nzima hakuna mwalimu anayezisoma. Anaandika, anakabidhi, karatasi inarudi ilivyokwenda. Wa pili ni binti mwenye ualbino. Anaona, lakini ubao kwake ni ukungu hata akikaa dawati la mbele. Wa tatu anasikia kidogo kwa sikio la kulia. Huyu nilidhani ni mtoro wa mawazo, kumbe mimi nikiugeukia ubao huku naongea, yeye kwake somo limeisha.

Mnakumbuka vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyokuja kugawiwa walimu? Changu kilikuwa cha kuangalizia mechi. Siku moja napekua Mipangilio, nikaingia sehemu yenye kialama cha mtu aliyenyoosha mikono. Ndani nikakuta kitu kinaitwa TalkBack, nikakiwasha. Kishikwambi kikaanza kuongea. Kila nilipogusa kinataja nilichogusa, na kufungua chochote kinakataa. Nusu saa nahangaika kukizima, natoka jasho. Baadaye nikajua: gusa mara moja kinasoma, gusa mara mbili harakaharaka ndiyo kinafungua, na kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Ukishairuhusu njia ya mkato, unabana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde kama tatu, kinawaka au kinazima.

Nikampa yule kijana baada ya vipindi. Wakuu, mimi nilihangaika nusu saa, yeye dakika kumi alikuwa ameshafika kwenye notisi zangu. Tatizo likaja kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, maana lile somo ni la Kiswahili na sauti iliyokuwamo ilikuwa ya Kiingereza. Ilisoma "wanyonyaji" mpaka darasa zima likalala kwa kicheko, wakaipachika jina Mzungu wa Juzi. Ingia kwenye mipangilio ya usomaji wa maandishi kwa sauti, pakua sauti ya Kiswahili. Ni ya Kenya, lakini inasomeka.

Kisa cha pembeni: siku hiyo nilisahau kuizima. Jioni mkubwa mmoja pale shuleni akakiazima, akakaa nacho mpaka usiku. Asubuhi akakirudisha kimefungwa kwenye mfuko wa rambo, akasema, "Mwalimu, chukua chombo chako, kimeingiliwa."

Binti mwenye ualbino dawa yake ilikuwa nyepesi kuliko wote, nikajiona mjinga. Nikimaliza kuandika napiga picha ubao, nampa kishikwambi, anakuza. Kuna kipengele cha ukuzaji humohumo, unagusa mara tatu skrini inavutika. Nikamgeuzia rangi pia, maandishi meupe juu ya weusi, mng'ao ukapungua. Ila kilichomsaidia zaidi wala si kishikwambi. Ubao wetu ulishakuwa wa kijivu. Jumamosi moja tukaponda mkaa na betri kuukuu kama walivyofanya wazee wetu, tukaupaka upya. Na nikamruhusu kuvaa kofia darasani, maana dirisha la upande wake linapiga jua la moja kwa moja.

Huyu wa usikivu ndiye bado sijamfikia. Nilijaribu ile programu ya Google ya kunakili maongezi papo kwa papo, Live Transcribe. Nikiwa mwenyewe ofisini inafanya vizuri. Darasani, watu 70, bati linalia kwa upepo, nikasema "mwinuko mkali", ikaandika "mwiko mkali". Na bando inakula ya mwalimu.

Halafu kuna ramani. Hapo ndipo vifaa vyote viliponyoosha mikono. TalkBack ikifika kwenye ramani ya kontua (ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) inasema "picha", inanyamaza. Kontua za Jiografia utamsomeaje mtu asiyeona?

Nikachukua boksi la sabuni. Nikakata kila mstari wa kontua kama kipande chake, nikavipanga kimoja juu ya kingine kwa gundi ya unga wa ngano, kilima kikainuka. Mto nikaweka uzi wa kushonea viatu, barabara kamba ya katani, makazi punje za mtama. Kijana akapitisha vidole taratibu, akashuka upande wa mashariki, akapanda, akafika pale vipande vinapokaribiana, akasimama. Akasema, "Mwalimu, hapa mtu hapandi na baiskeli."

Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Mwaka mzima naimba hilo ubaoni. Wale wenye macho wakaja kujazana kwenye meza yake wanagusa, na nikagundua nusu ya darasa walikuwa wanakariri tu.

Maswali yangu: (1) Shuleni simu ni marufuku kwa mwanafunzi. Kishikwambi kinakaa kwangu, jioni anabaki bila kitu. Mnafanyaje? (2) Huyu wa usikivu nimsaidieje? (3) Mtihani wa taifa je?

Mods, naomba msiuunganishe na ule uzi wa vishikwambi vibovu.

#2 Kichwa_Ngumu

Madawati hayatoshi, choo kina foleni kama ya mwendokasi, halafu mwalimu unatuletea habari za kishikwambi kinachoongea. Hizi ni story za semina. Posho ikiisha na teknolojia imeisha.

#3 Mwalimu_wa_Kata

Mkuu, semina sijaitwa wala posho sijaila. Gharama yangu ni unga wa ngano robo na bando. Choo ni kweli kina foleni.

#4 NuktaSita

Mwalimu, nakusalimu. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka minne, sasa nafanya kazi za sheria hapa Dar. Uzi wako nimeusoma kwa kompyuta inayoongea, kwa kasi ambayo wewe ukiisikia utadhani kaseti imekwama. Nimecheka kwa "kimeingiliwa". Mke wangu naye alikimbia simu yangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Umefanya vizuri. Sasa nikukosoe kidogo, kwa upendo.

Moja, usiniulie nukta nundu za huyo kijana. Nimeona kote nchini: shule ikipata kifaa kinachoongea, sleti inatupwa stoo. Kusikia peke yake hakumfundishi mtu tahajia. Nina rafiki zangu walikua kwa kusikiliza tu, wana akili nyingi, lakini wakiandika barua ya kazi wanaandika walivyosikia. Msomaji wa sauti hakwambii wazi kama ni "thamani" au "dhamani" mpaka usimame uichambue herufi kwa herufi. Vidole vinakuonyesha bila kuuliza. Kwa hiyo kishikwambi kiwe cha kusomea vitabu vingi, sleti iwe ya kuandikia na kufikiria.

Pili, hilo la karatasi kurudi ilivyokwenda limeniuma kwa sababu nimelipitia. Wewe jifunze nukta nundu. Usishtuke! Mwenye macho hahitaji vidole, anazitazama. Nukta ni sita tu, safu mbili za tatu tatu. Herufi kumi za mwanzo zinatumia nukta nne za juu, kumi zinazofuata ni zilezile umeongeza nukta moja chini kushoto. Kiswahili chetu kinavyosomeka kama kilivyoandikwa, ndani ya wiki mbili utakuwa unasahihisha, polepole lakini unasahihisha. Notisi zake za Kiingereza zitakuwa na vifupisho, hizo mwachie muda akufundishe yeye. Atafurahi kuliko unavyofikiri.

Tatu, kama shule ina kompyuta hata moja yenye Windows, weka NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Ni bure, si ya wizi, ni bure kweli. Aliianzisha Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, mwaka 2006, akaungana na mwenzake James Teh, naye haoni. Walichoshwa na kuona kipofu analipia kompyuta mara mbili: mashine, halafu programu ya kuisemesha. Ile nyingine maarufu, JAWS, leseni yake ya kudumu inapita milioni ya kwetu. NVDA inakuja na sauti ya eSpeak, nayo ina Kiswahili. Anaongea kama mtu mwenye mafua aliyekaa ndani ya debe, ila kila silabi utaisikia, na ukimkimbiza mara tatu bado anaeleweka. Zile sauti tamu za kibinadamu ukizikimbiza zinameza maneno.

Boksi la sabuni usiliache. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne sijawahi kushika kontua. Niliambiwa, "Wewe hiyo ruka."

#5 Mwalimu_wa_Kata

Mkuu NuktaSita, hiyo "wewe hiyo ruka" na mimi niliwahi kuitamka, muhula wa kwanza. Nimeanza herufi leo. A hadi J nimezikamata, nikifika W napotea.

#6 NuktaSita

W haifuati mpangilio kwa sababu Louis Braille, aliyebuni nukta hizi, alikuwa Mfaransa, na Kifaransa cha wakati wake hakikuwa na kazi na W. Ilichomekwa baadaye. Sisi wenye "wa", "we", "wi" tunaikuta kila mstari.

#7 FundiSanifu_TZ

Naongezea upande wa ufundi, maana hapa ndipo walimu wengi wanakosea bila kujua.

Mwalimu, hizo notisi unazompa ziko katika hali gani? Kama ni PDF uliyopata kwa kupiga picha daftari au kuskani kitabu, kwa msomaji wa sauti hiyo ni karatasi tupu. Macho yako yanaona maneno, mashine inaona picha. Kipimo chake rahisi: weka kipanya juu ya neno moja, jaribu kulichagua. Likijichagua peke yake, ni maandishi. Kisipochagulika kitu, au ukichaguka ukurasa mzima kama kipande kimoja, umempa picha. Mitihani ya miaka ya nyuma inayozunguka WhatsApp mingi iko hivyo, imepigwa picha juu ya goti la mtu, na kidole gumba kinaonekana.

Kuponya: ipandishe Google Drive, ifungue kwa Google Docs, itakutolea maandishi. Hakiki, hasa namba na majedwali, huwa yanavurugika. NVDA nayo, kwenye Windows 10 kwenda mbele, ukisimama juu ya picha ukabonyeza kitufe cha NVDA na R, inajaribu kusoma kilichomo.

Jingine dogo lakini lina uzito. Ukiandika notisi kwenye Word, kichwa cha habari usikikoleze na kukikuza tu. Kipe mtindo wa kichwa, ule wa Heading 1, 2, 3. Wewe huoni tofauti, lakini asiyeona, akishawasha hali ya kuvinjari (kitufe cha NVDA na spesi), anabonyeza H tu, anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopekua kurasa. Bila hivyo inabidi asikilize kurasa 40 apate "Mmomonyoko". Na kila picha andika maelezo yake, sentensi mbili tu. "Mchoro wa bonde la ufa" hiyo haijamwambia kitu. Mwambie bonde liko katikati, kuta mbili zimesimama pembeni, na mishale ya nguvu inaelekea wapi.

#8 Mama_Wawili

Nimesoma hadi huku, naomba niseme kuhusu huyo wa usikivu. Mtoto wangu wa kwanza ni kiziwi wa kuzaliwa. (Kiziwi si tusi jamani. "Bubu" ndilo tusi, naliona linaandikwa sana humu.)

Kwanza mwalimu ujue hao ni watu wawili tofauti. Huyo wako anasikia kidogo na ameshika lugha ya mdomo, maandishi kwenye skrini yatamfaa. Wangu hayamfai kivile, na shule yake ya kwanza haikuelewa. Walimwekea video zenye maandishi chini, wakasema tumemaliza. Lugha ya kwanza ya mwanangu ni Lugha ya Alama, Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya ugenini. Angalieni neno kama "hawakutuambia". Sisi tunalisikia toka tumboni, kwake ni mnyororo wa vipande ambao mikono yake haiupangi hivyo. Ukimtembezea hayo kwa kasi ya video anaona mchwa wanapita.

Kilichomsaidia wangu ni simu yangu mbovu ya kioo kilichopasuka. Mwalimu wake wa alama anajirekodi dakika mbili tatu kwa kila mada, ananitumia WhatsApp, tunaangalia jioni mimi na yeye na mdogo wake. Sasa hata mdogo wake anasengenya kwa mikono.

Kwa huyo wako: mkalishe sikio lake lenye nafuu, hilo la kulia, lielekee kwako na kwa wenzake, mbali na dirisha la upepo. Usifundishe ukiwa umeegemea dirishani, mwanga ukiwa mgongoni kwako uso wako ni giza na midomo haisomeki. Andika ubaoni maneno magumu ya siku KABLA ya kuanza kuongea. Mwenzake akiuliza swali kutoka nyuma, lirudie wewe ndipo ulijibu, maana yeye atasikia jibu bila swali. Na ile programu, chukua zile spika za masikioni zenye maiki, bana maiki kwenye kola yako, badala ya kuacha kishikwambi mezani kisikilize bati. Maneno utayaona yanabadilika.

Na hospitali mmempeleka? Wakati mwingine ni nta tu au sikio linalotoa usaha lililoachwa.

#9 Kichwa_Ngumu

Haya mama, hapo kwenye maiki na hospitali nimekuelewa. Swali langu bado liko palepale. Hii yote imesimama juu ya mwalimu mmoja na bando lake. Akihamishwa?

#10 Jaduong_Mwalimu

Salamu kutoka Kisumu. Kichwa_Ngumu anauliza swali la maana, msimkasirikie.

Huku kwetu tableti za serikali za darasa la kwanza zilianza kuja 2016. Shule niliyokuwa nikifundisha zilifungiwa chumba chenye vyuma madirishani, ufunguo ukakaa kwa mkubwa, na tukaambiwa moja ikipotea italipwa na mshahara. Nani angezigusa? Ziliketi humo na betri zikafa zikiwa mpya. Katiba yetu ya 2010 inaitaja kabisa Lugha ya Alama ya Kenya na Breli, kwamba serikali iziendeleze. Karatasi iko sawa. Kilichokosekana pale kwetu ni mtu wa kusema, "mwalimu, ikiharibika katika kazi si kosa lako."

Mambo mazuri pia yako. Kuna kampuni ya Nairobi, eKitabu, wanatengeneza vitabu vya kidijitali ambavyo mtoto asiyeona anaweza kusoma kwa sauti, na pia wana video za hadithi katika Lugha ya Alama. Sasa nafundisha shule ingine, tunatumia hizo video hata na watoto wanaosikia, wanazipenda sana juu ya vile mhadithiaji anatumia uso.

Kuhusu simu kukatazwa: kiandikishe hicho kishikwambi kama kifaa cha mwanafunzi, si simu. Sisi tulifanya barua moja, mzazi akatia sahihi, mwalimu mkuu akapiga muhuri, ikabandikwa hata bwenini. Laini imetolewa, ni faili tu ziko ndani. Tangu hiyo siku hakuna askari wa shule amemsumbua. Miwani ya mtu hainyang'anywi saa ya prepu, ama?

#11 Binti_Kigoma

Samahani, mimi naogopa. Kuskani kitabu kizima na kumpa mtu si kuiba kazi ya mwandishi?

#12 NuktaSita

Swali zuri, na ndiyo mkate wangu. Kuna Mkataba wa Marrakesh, ulipitishwa 2013 kule Morocco, ukaanza kufanya kazi 2016. Kenya iliingia 2017, Tanzania 2020. Kiini chake: taasisi inayohudumia wasioona, au mhusika mwenyewe na anayemsaidia, anaweza kutengeneza nakala ya nukta nundu, ya sauti au ya maandishi makubwa bila kwenda kumpigia magoti mwenye haki. Na nakala hizo zinaruhusiwa kuvuka mipaka kati ya nchi zilizoridhia, kwa hiyo kitabu kilichoandaliwa Nairobi si lazima kichapwe upya Dodoma. Haukomei kwa vipofu pia. Mwenye disleksia yumo, na yule ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu yumo.

Utekelezaji unategemea sheria ya kila nchi, kwa hiyo usiende kufungua kiwanda. Na ile nakala isiishie kwenye grupu la darasa zima. Ruhusa ni ya yule asiyeweza kusoma chapa, si ya aliyechoka kununua.

#13 Mtahini_Mstaafu

Nimekuwa nafuatilia kimyakimya. Swali la tatu la mleta mada halijajibiwa.

Baraza la Mitihani linaandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Muda wa ziada upo: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. LAKINI haya hayatokei yenyewe. Mkuu wa shule lazima amsajili mtahiniwa akiwa na alama ya hitaji lake. Huyo binti mwenye ualbino ndiye ninayemhofia, kwa sababu watu wakimwona anatembea vizuri na anaandika, wanamsajili kama wengine. Siku ya mtihani anapewa karatasi ya herufi za kawaida, na hapo hakuna wa kumsaidia. Mwalimu, hakikisha kwa macho yako fomu imejazwa.

Na huyu wa nukta nundu naungana na NuktaSita. Kishikwambi hakitaingia naye chumba cha mtihani. Akifika Novemba hajashika sleti miezi minane, vidole vitakuwa vizito.

#14 Mzazi_Mbeya

Hapo kwenye disleksia. Wangu yuko darasa la nne, herufi zinamchezea, akisoma kwa sauti ukurasa mmoja ni robo saa na machozi. Nimewasha hiyo TalkBack jana baada ya kusoma uzi huu, haikumfaa, inasema kila kitu mpaka kitufe cha betri.

#15 FundiSanifu_TZ

Mzazi_Mbeya, TalkBack ni ya asiyeona. Wako anaona. Mahali hapohapo kwenye mipangilio tafuta ile ya kuchagua ili isomwe (Select to Speak). Unawasha, kinatokea kitufe kidogo, anagusa aya anayotaka, inasomwa huku maneno yanawaka moja moja. Afuatishe kwa macho na kidole. Anza na kasi ya chini.

#16 Mzazi_Mbeya

Imekubali! Ubarikiwe sana mkuu. Amesikiliza hadithi ya sungura mara nne, mara ya tano ameisoma yeye akakwama sehemu mbili tu.

#17 Mwalimu_wa_Kata

MREJESHO, wiki tatu baadaye. Nilikuwa kimya, tulikuwa na mitihani ya ndani na umeme ulikuwa unakwenda kila jioni.

Barua ya mtindo wa Kisumu imepita. Mkubwa alisita, nikamwambia hoja ya miwani, akacheka, akagonga muhuri. Laini nimetoa. Kijana anakaa na kishikwambi prepu hadi saa tatu, anakirudisha kwa mlinzi. Chaji ndiyo kilio, tunapokezana soketi moja na jagi la maji ya moto la walimu.

Notisi zangu zote za Kidato cha Kwanza na cha Pili zilikuwa picha, FundiSanifu, zote. Nimechapa upya mada nne. Nimeweka vichwa vya mtindo, na sasa hata mimi mwenyewe nazipata upesi.

Maiki kwenye kola: tofauti ni kubwa. Bado inakosea maneno ya kitaalamu, "katani" ikawa "shetani", lakini huyu wa usikivu amesema anashika somo. Kumbe muhimu zaidi ilikuwa ile ya kurudia swali. Mama_Wawili, tulimpeleka kituo cha afya, wakatoa nta sikio la kushoto, kabonge kama punje ya maharage. Bado hasikii vizuri upande huo, amepewa rufaa ya mkoani, nauli tunachanga ofisini.

Fomu za usajili nimeanza kuzifuatilia mapema. Mtahini_Mstaafu, ulichosema ndicho nilichokikuta kwenye taarifa zetu za ndani: binti ameandikwa "kawaida". Nimeomba irekebishwe, nami nimebaki na nakala.

Nukta nundu: nasahihisha sasa. Insha ya ukurasa mmoja inanichukua dakika 40 na macho yananiuma, inabidi niinamishe karatasi kwenye mwanga wa dirisha vivuli vya nukta vionekane. Ya kwanza kuisahihisha ilikuwa ya kontua. Alipata 14 kwa 20. Nilipomrudishia, alama nimezitoboa kwa stailasi pembeni, akazipapasa, akazirudia, kisha akaniambia nimeisahau alama ya namba, kwa hiyo kilichoandikwa pale si 14, ni "ad".

Kichwa_Ngumu, kuhusu kuhamishwa: mwalimu wa Biolojia ameniomba boksi. Anataka kutengeneza moyo.

Na kijana ameleta boksi lake mwenyewe kutoka nyumbani, la mafuta ya kula. Anataka tumkatie kontua za kijijini kwao, ajue ni wapi hasa baba yake huwa anashuka kwenye baiskeli.

#18 Kichwa_Ngumu

Mwalimu, hiyo soketi. Nina sola ndogo ya wati 50 na betri yake, ipo tu ndani tangu tuvutiwe umeme. Nitumie PM uko wilaya gani.